Risasi 100, zinazompata mtu 18: nani hasa anajua kulenga?

Wadau, kuna ubishi vijiweni hauishi: eti askari, kwa kuwa anatembea na silaha kila siku, lazima awe mlengaji kuliko raia yeyote. Mimi nasema siyo lazima, na ushahidi uko New York, kwenye jeshi la polisi kubwa kuliko ya miji yote ya Marekani.

Novemba 2006 polisi wa jiji hilo walimmiminia Sean Bell na wenzake wawili risasi 50, siku aliyotakiwa kufunga ndoa. Bell akafa. Silaha haikukutwa. Baada ya hapo jeshi likaiomba taasisi ya RAND ichunguze mafunzo yake. Ripoti ikatoka 2008, nayo inatisha. Kati ya 1998 na 2006, askari waliporushiana risasi na mtu, zilizompata zilikuwa asilimia 18 tu. Hata pale ambapo hakuna aliyewajibu, zilifika asilimia 30. Yaani kwenye risasi 100, 82 zimeenda kwingine. Kwingine wapi? Ukutani, kwenye gari, au kwa mpita njia.

Agosti 24, 2012 ikatokea kweli. Nje ya jengo la Empire State askari wawili walimkabili mtu aliyetoka kuua, wakiwa hatua chache tu kutoka kwake. Walifyatua risasi 16, wakamuua. Lakini wapita njia 9 walijeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vilivyoruka.

Sasa mwangalie mpenzi wa bastola. Kule kuna watu ambao kwao huu ni mchezo kama ndondo kwetu. Shirikisho lao, IPSC, lilianzishwa 1976 mjini Columbia, Missouri. Unachomoa, unakimbia, unalenga, na saa inakuhesabia. Risasi ananunua kwa hela yake, bastola anachagua inayomkaa mkononi. Askari wa New York anapimwa mara 2 kwa mwaka. Na kwa miaka mingi bastola yake iliwekewa triga nzito ya kilo 5 na ushee, kama mara mbili ya kawaida, asije akafyatua kwa bahati mbaya. Ila ukivuta kwa nguvu, mtutu unayumba! Mpaka 2021 ndipo askari wapya walipoamuliwa kupewa triga nyepesi.

Hata kubeba wanabeba tofauti. Mpenzi anaificha chini ya shati na anazoea kuichomoa hapo hapo. Askari akiwa kazini anaiweka kiunoni waziwazi, kwenye mfuko wenye kizuizi ili asipokonywe. Akivua gwanda, sheria ya 2004 inamruhusu mwenye sifa kuibeba kwa kificho hata nje ya jimbo lake. Sasa huko chini ya shati mkono wake umezoea lini?

Najua mtu ataniambia karatasi hairudishi risasi. Kweli kabisa. Mpenzi hapigwi risasi akiwa uwanjani, wala hakuna watoto wanaokimbia nyuma ya shabaha yake. Kwa hiyo sisemi ulinzi tuwape wapenzi wa bastola. Ninachosema ni kwamba kufaulu mtihani siyo kujua kazi. Sisi tuliomaliza Form Four tunalielewa hilo vizuri. Unakariri, unapasi, miezi mitatu baadaye kichwa cheupe.

Na hili siyo la Wamarekani peke yao. Februari 2018, Kinondoni, mwanafunzi wa chuo aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala, wakati polisi wakitawanya waandamanaji. Yeye hakuwa mwandamanaji, alikuwa abiria.

Ndiyo maana badala ya kubishana nani mbabe, tuulize maswali ya maana: askari anafyatua risasi ngapi za mazoezi kwa mwaka? Anafundishwa kulenga tu, au na kuacha kufyatua pia? New York walihesabu, aibu wakaiona, triga wakabadilisha. Bila kuhesabu, abiria wa daladala ndiye anayelipa.

Nawasilisha. Wadau mnasemaje?