Kizunguzungu Baada ya Kupasuliwa Shingo Si Uvivu



Mama aliyepasuliwa shingo anaporudi nyumbani, majirani humletea uji na matunda. Wiki chache baadaye kidonda kimefunga, lakini bado anatembea akishika ukuta. Hapo maneno huanza: amepona, anajidekeza tu. Wengine hunong'ona kwamba amelogwa. Kwa maoni yangu, tunamkosea.

Shingo ina pingili 7, na ndani yake umepita ugwe mgongo, yaani mshipa mkuu wa fahamu utokao kwenye ubongo. Misuli na viungo vya shingo huujulisha ubongo kichwa kimekaaje, vikisaidiana na macho na sikio la ndani. Baada ya upasuaji misuli hukakamaa au hulegea, habari hizo huweza kupishana, na mtu huhisi anayumba. Lakini kizunguzungu huweza pia kutokana na upungufu wa damu, shinikizo la damu kushuka, dawa kali za maumivu au ugonjwa wa sikio. Kwa hiyo daktari aelezwe, tusibahatishe.

Nyumbani mgonjwa asikurupuke kitandani. Ageuke ubavu mwili wote pamoja, akae ukingoni dakika moja au mbili, ndipo asimame. Akitaka kutazama nyuma, ageuze mwili mzima. Kola ya shingo aivae na kuivua kama alivyoagizwa hospitali, na mazoezi afundishwe na mtaalamu wa viungo. Akihisi kizunguzungu asikae peke yake karibu na moto wala kisima. Hata kanisani, kupiga magoti na kuinuka haraka kunaweza kumwangusha. Akae tu, Mungu anamwona.

Jambo moja nalikataa kabisa: kumpeleka kwa mchuaji "aivute" shingo. Shingo iliyopasuliwa ikivutwa au kunyongwa, mtu anaweza kupooza.

Mkimbizeni hospitali mara moja mkono au mguu ukiishiwa nguvu au kufa ganzi, akishindwa kuzuia mkojo, kupumua au kumeza, ulimi ukiwa mzito, akiona vitu viwili viwili, akipata homa, au kidonda kikitoa usaha.

Kila tarehe 11 Februari Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyowekwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992. Tunasali vizuri siku hiyo. Lakini kesho yake nani anamtwisha mama huyu ndoo ya maji kichwani? Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya pingili zile zile alizotengenezwa. Asibebe kitu kichwani mpaka daktari aruhusu, na huenda asiruhusiwe tena.

Basi akina baba, vijana, na jumuiya zetu ndogo ndogo, tugawane zamu za maji na kuni. Simoni wa Kirene hakutoa pole tu njiani, aliubeba msalaba.