Gitaa la Marehemu: Lichunguzwe Kwanza, Liuzwe Baadaye



Marehemu akiisha kuzikwa na matanga kuondolewa, mali yake hugawiwa kwa taratibu inayojulikana. Shamba hupimwa, mifugo huhesabiwa, nguo hupewa ndugu, madeni hulipwa. Lakini ikiwa marehemu alikuwa mwanamuziki, gitaa lake huachwa nyuma ya kabati, nyuzi zimelegea na vumbi limelifunika, kwa kuwa hakuna ajuaye thamani yake. Baada ya miezi michache hufika mtu mwenye maneno laini, akatoa noti mbili tatu, mjane akashukuru, na gitaa likaondoka. Huenda mjane huyo alilipwa haki yake. Huenda pia aliuza karo ya watoto wake kwa bei ya gunia la mchele.

Juma hili ukurasa wetu unazungumza juu ya kuuza na kununua gitaa la kale, hasa lile ambalo mafundi huliita achitopu. Ni gitaa ambalo kifua chake si bapa, bali kimebinuka kama mgongo wa fidla, na pande zote mbili za nyuzi limetobolewa tundu lenye umbo la herufi f. Nyuzi zake hazikufungwa kifuani, bali hupita juu ya daraja la mti na kushikwa na kipande cha chuma kilichotiwa mkiani.

Gitaa hilo lina asili yake. Katika mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, Marekani, aliishi fundi jina lake Orville Gibson. Mwaka 1898 alipewa hataza ya kutengeneza mandolini ambazo kifua chake kilichongwa kutoka ubao mnene badala ya kukunjwa. Mwaka 1902 kampuni yenye jina lake ilianzishwa katika mji huohuo. Mwaka 1922 kampuni hiyo, ikiongozwa katika ufundi na Lloyd Loar, ilitoa gitaa la L-5 lenye matundu ya f, ambalo likawa kielelezo cha mengine yote. Katika bendi za jazi za miaka ile, zilizojaa tarumbeta na ngoma, gitaa la kawaida lilimezwa, lakini hili lilisikika. Baadaye, mwaka 1936, kampuni hiyo ilitoa ES-150, gitaa la namna hiyo lililotiwa umeme.

Katika eneo letu pia magitaa hayo hayakuwa mageni. Mwaka 1953 mpiga gitaa Mbelgiji, Bill Alexandre, alifika Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa, akafanya kazi katika studio ya CEFA, na gitaa la umeme likaanza kushika nafasi yake katika rumba. Picha za bendi za miaka hiyo huonyesha wanamuziki wamekumbatia magitaa yenye matundu ya f. Wengi wa wapigaji hao wamekwisha kufariki, nasi hatuwezi kusema kwamba vyombo vyao vyote vilikufa pamoja nao.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Magitaa mawili ya kale yanaweza kufanana kwa mtu asiyezoea kama mapacha, na bei zake zikapishana kama mbingu na ardhi. Gitaa la L-5 lenye saini ya Lloyd Loar, aliyeiacha kampuni mwaka 1924, huuzwa Marekani kwa makumi ya maelfu ya dola. Gitaa lenye umbo hilohilo lililotengenezwa kwa wingi Chicago na viwanda vya Harmony au Kay kwa ajili ya wanafunzi huenda lisipate zaidi ya dola mia chache. Kati ya hayo mawili yako mengi: ya Epiphone ya New York, na ya Höfner ya Ujerumani, ambayo yalipelekwa kwa wingi Uingereza tangu miaka ya 1950. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kila gitaa la kale ni dhahabu, wala asikudanganye mwingine kwamba ni kuni.

Tofauti ya kwanza imo katika mbao. Gitaa la thamani kubwa lina kifua cha sprusi, mti wa jamii ya misonobari, kilichochongwa kutoka ubao mzima. La bei nafuu mara nyingi lina kifua cha plaiwudi kilichobinuliwa kwa mashine. Ili kuyatambua, tazama ukingo wa tundu la f kwa kurunzi. Ukiona mstari wa mbao ukishuka moja kwa moja kutoka juu hadi ndani, ni ubao mzima. Ukiona matabaka matatu yaliyolaliana kama kurasa za kitabu, ni plaiwudi. Lakini usilidharau la plaiwudi kwa hilo tu. Gitaa la ES-175, lililotolewa na Gibson mwaka 1949, ni la plaiwudi, nalo lapendwa sana na lina bei nzuri.

Tofauti ya pili ni uzima wa asili yake. Mnunuzi wa gitaa la kale hulipa zaidi kwa kitu ambacho hakikuguswa. Hapa ndipo familia nyingi hujidhuru zenyewe kwa nia njema. Watoto husema, “Tulisafishe, lipendeze, tupate bei.” Wakaliparuza kwa msasa, wakalipaka vanishi mpya, wakatupa vigingi vyenye kutu na kufunga vipya vinavyong'aa. Yafaa ijulikane kwamba gitaa lililopakwa rangi upya, hata kwa ustadi, mara nyingi hupoteza karibu nusu ya thamani yake. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui katika vanishi ya zamani si uchafu. Ni alama za umri wake, na mnunuzi mwenye ujuzi huzitazama kwa furaha.

Basi, wewe uliyeachiwa gitaa la namna hiyo, fanya haya:

Kwanza, usilitengeneze. Lipanguse vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi. Kipande chochote kilichodondoka, hata skrubu moja, kitie katika bahasha na ukiweke pamoja na gitaa. Ikiwa bamba la kukinga kifua ni la seluloidi nalo limeanza kupinda na kubomoka, liondoe taratibu ulihifadhi mbali kidogo, kwa kuwa seluloidi inayooza hutoa mvuke unaokula vyuma.

Pili, lilinde. Lisikae juani, wala karibu na jiko, wala ndani ya gari lililofungwa mchana. Joto hulainisha gundi, na ukavu mwingi hupasua ubao. Legeza nyuzi kidogo ikiwa litakaa muda mrefu au litasafiri.

Tatu, lisome. Tazama ndani ya tundu la f kwa kurunzi. Mara nyingi utakuta karatasi yenye jina la aina na namba ya mfululizo. Tazama pia nyuma ya kichwa. Magitaa ya Gibson ya tangu mwaka 1961 aghalabu yana namba iliyogongwa mahali hapo. Nakili yote kama yalivyo, bila kukisia tarakimu isiyosomeka.

Nne, andika habari zake. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi John D'Angelico wa New York, aliyefanya kazi katika karakana yake tangu mwaka 1932 hadi alipofariki mwaka 1964, alitengeneza magitaa 1,164 tu, akaweka daftari la namba, tarehe na majina ya wanunuzi. Kwa sababu ya daftari hilo, gitaa lake likipatikana leo, namba yake yaweza kufuatwa hadi siku lilipotoka karakanani. Nawe andika: marehemu alilinunua wapi, mwaka gani, alipiga katika bendi gani, nani alilitengeneza lilipoharibika. Tafuta risiti na picha ya marehemu akilishika. Karatasi hizo ni sehemu ya gitaa.

Tano, uliza zaidi ya mmoja. Mfanyabiashara anayekulipa papo hapo atatoa labda nusu ya bei atakayouzia, au zaidi kidogo. Hilo si wizi, kwa kuwa yeye hubeba gharama, na huenda akakaa nalo mwaka mzima. Njia ya pili ni kumwachia muuzaji aliuze kwa niaba yako, akate fungu lake, ambalo mara nyingi ni karibu asilimia 20, nawe ukasubiri. Njia ya tatu ni kuuza mwenyewe kwa mpigaji. Bei yaweza kuwa bora, lakini taabu na hatari zote ni zako. Njia yoyote utakayoichagua, usitaje bei kabla hujasikia makadirio ya watu wawili au watatu wasiojuana, na usimwachie mtu gitaa bila hati yenye namba yake na saini zenu.

Sasa tumgeukie mnunuzi, maana naye ana nyumba na watoto, na fedha yake haikuokotwa njiani.

Anza na mahali shingo inapokutana na kichwa. Hapo ndipo gitaa likianguka huvunjika. Pitisha kidole nyuma yake ukitafuta mstari au mwinuko. Lililovunjika na kugundishwa vizuri huweza kupigwa miaka mingi, ila lisiuzwe kwa bei ya lililo zima. Kisha bonyeza uzi katika freti ya kwanza na hapo shingo inapoungana na mwili, utazame katikati. Nafasi ndogo kama unene wa karatasi ngumu yatosha. Ikiwa uwazi ni mkubwa, shingo imepinda. Magitaa mengi ya Gibson ya tangu miaka ya 1920 yana chuma cha kuirekebisha ndani yake, lakini mengine hayana.

Tazama kifua kwa ubavu, macho yakiwa sawa na daraja. Kinapaswa kuwa kimebinuka. Kikiwa kimebonyea chini ya daraja, nguzo za ndani huenda zimeachia, na kazi hiyo ni ya fundi wa gharama. Gonga kifua na mgongo polepole kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mtetemo kama wa karatasi iliyolegea, pana gundi iliyoachia. Tafuta matundu yaliyotobolewa baadaye ili kutia vinasa sauti vya umeme, kwa kuwa hayo hushusha bei sana. Daraja nalo halikugundishwa, hivyo huhama. Likiwa mahali pasipo pake, gitaa zuri kabisa litatoa sauti zisizopatana. Pima: toka mwanzo wa shingo hadi freti ya 12, na toka hapo hadi darajani, urefu uwe karibu sawa. Mnunuzi asiyejua hilo huweza kuacha chombo kizuri kwa kosa la kusahihishwa kwa dakika tano.

Kuna pia sheria za mipakani. Baadhi ya magitaa ya kale yana ubao wa vidole au daraja la mti wa Brazil uitwao kitaalamu Dalbergia nigra, ambao ni wa ukoo mmoja na mpingo wa Tanzania na Msumbiji. Tangu mwaka 1992 mti huo umo katika orodha kali kabisa ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Vivyo hivyo gamba la ng'amba na pembe ya ndovu. Kumwuzia mtu wa nchi nyingine bila kibali chaweza kuwa chanzo cha gitaa kuzuiwa forodhani. Uliza ofisi inayohusika kabla ya kufunga sanduku.

La mwisho ni ukweli. Muuzaji aeleze ufa anaoujua, kigingi kilichobadilishwa, shingo iliyowahi kuvunjika. Ufa uliotajwa hupunguza bei mara moja. Ufa uliofichwa hurudisha gitaa nyumbani, pamoja na ugomvi. Mnunuzi naye akijua kwamba mjane ameshika mali ya maelfu na anaomba mamia, amwambie. Najua wako watakaocheka kusoma hayo, wakisema biashara ni biashara. Lakini fedha iliyopatikana kwa kutumia msiba na ujinga wa mwenzio haina jina zuri katika lugha yoyote ya kwetu.

Na ninyi wa nyumbani, msiuze kabla hamjaketi pamoja. Huenda yuko mtoto mmoja ambaye vidole vyake vimerithi kazi ya baba. Ikiwa gitaa ni la bei ndogo, mpeni apige, nanyi mtapata faida isiyopatikana sokoni. Ikiwa ni la bei kubwa, na ada ya shule inadaiwa, liuzeni bila kuona haya, kwa bei ya haki, na katika fungu hilo mnunulieni mtoto huyo gitaa jingine la kujifunzia.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya cherehani za kale: ipi ya kutengenezwa, na ipi ya kuachwa.