Maslahi ya Umma Hayaifungi Mahakama Mdomo

Ipo imani, inayosikika Kibiti na katika delta ya Rufiji kila mkulima wa mpunga anapoambiwa kuwa shamba lake limo ndani ya hifadhi ya mikoko, kwamba Serikali ikishatamka maneno "maslahi ya umma", mahakama haina la kuuliza. Imani hiyo ni potofu, na huwapa watunga sheria madaraka ambayo Katiba haikuwapa.

Ni kweli kwamba ibara ya 30(2) inaruhusu haki za msingi ziwekewe mipaka kwa manufaa ya jamii. Hata hivyo, Mahakama ya Rufani, kuanzia shauri la Daudi Pete la mwaka 1991 lililohusu dhamana hadi shauri la Kukutia Ole Pumbun la mwaka 1993, ilieleza kuwa sheria ya namna hiyo husimama tu ikiwa si ya kibabe, yaani imeweka taratibu za kuzuia matumizi mabaya ya madaraka, na ikiwa haiibani haki kupita kiasi kinachohitajika kutimiza lengo halali. Kipimo hiki cha pili ndicho kiitwacho uwiano.

Shauri linalowagusa zaidi Warufiji, ambao wengi wao walihamishwa kutoka bondeni baada ya mafuriko ya mwaka 1968, lilianzia mbali, huko Mbulu. Sheria ya mwaka 1992 ilikuwa imefuta haki za kimila za ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa Operesheni Vijiji, yaani kampeni ya kuwahamishia watu vijijini, na Serikali ikadai kuwa haki hizo si mali kwa sababu ardhi yote ni ya umma. Mwaka 1994, katika shauri la Lohay Akonaay, Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake waliikataa hoja hiyo: haki ya kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24, na aliyefyeka pori akaliendeleza hanyang'anywi jasho lake bila fidia ya haki. Vifungu vilivyozuia fidia hiyo, pamoja na vilivyowafungia watu milango ya mahakama, vilibatilishwa.

Mikoko ilindwe, hilo halina ubishi. Kinachopaswa kuulizwa ni kama ulinzi huo unalazimu kumwondoa mikono mitupu mtu anayekesha katika dungu akiwinga nguruwe. Mahakama nayo si jasiri siku zote, kwani mwaka 2020 Mahakama ya Rufani iliacha hai kifungu kinachonyima dhamana kwa makosa kadhaa. Mwaka huohuo Bunge nalo lilimtaka mlalamikaji katika mashauri ya haki za msingi aonyeshe jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika, sharti lililowakwamisha wanaharakati wa Dar es Salaam kuliko mwenye jaruba lake Salale, huko deltani.