Ahadi Haichongi Kitanda



Juma lililopita mzee mmoja alikuja ofisini kwetu kuandikisha ubatizo wa mjukuu wake. Alipokwisha kutia sahihi akaniuliza, "Mwalimu, mwanangu hubeba mizigo Kilimanjaro. Aniambia wako wanafunzi kutoka Uingereza wanaopanda mlima ati kwa ajili ya watoto maskini. Sasa mtoto maskini hushibaje kwa mtu kupanda mlima?"

Swali hili ni la mtu mwenye akili. Na tulijibu pamoja.

Desturi yao ni hii. Kabla ya safari, mwanafunzi huwaendea ndugu, jirani na rafiki zake akasema, "Mimi nitapanda mlima wenye mita 5,895. Je, ninyi mtawatolea watoto nini?" Wengine hukimbia, wengine huendesha baiskeli au huogelea, lakini shabaha ni moja. Mlima hautoi hata senti. Fedha hutoka mifukoni mwa watu, ila jasho la kijana ndilo lifungualo mifuko hiyo. Na jasho ni la kweli: kileleni hewa ya kupumulia ni kama nusu tu ya ile ya pwani. Wengi huumwa kichwa, hutapika, hukosa usingizi. Usiku wa mwisho huondoka kambini karibu na saa sita ili jua liwakute juu.

Lakini, mzee wangu, yafaa kuuliza mambo mawili. Kwanza, nani amelipa nauli na gharama za mlimani? Wako wanafunzi wanaojilipia wenyewe, na wako ambao gharama zao hukatwa katika fedha zile zile zilizochangwa. Si dhambi, lakini mtoaji aambiwe wazi. Pili, mpagazi amelipwaje? Mzigo wake umewekewa mpaka wa kilo 20, naye pia ana watoto nyumbani. Anayepanda kwa ajili ya maskini asianze kwa kumpunja maskini aliye mbele yake.

Msidhani nawasema wageni tu. Mimi mwenyewe nina kisa.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, tuliazimu kutembea kilomita 30 kwa miguu ili tuwapatie vitanda watoto yatima waliokuwa wakilala chini, katika kituo kilichokuwa jirani nasi. Mimi nilikabidhiwa daftari. Watu waliahidi kwa furaha: huyu Sh. 100 kila kilomita, yule Sh. 200. Tulitembea, wengine wakatoka malengelenge, tukafika tukiimba. Nikajumlisha daftari: Sh. 620,000! Jioni ile ile nikamwendea mama mlezi wa kituo, nikamwambia, "Mama, vitanda vimepatikana." Naye, maskini, akamwagiza fundi seremala vitanda 10 vya Sh. 600,000.

Kisha nikaanza kukusanya. Lo! Huyu amesafiri, yule anasubiri mshahara, mwingine akiniona kwa mbali hugeuza njia. Miezi miwili ikapita, mkononi nina Sh. 385,000 tu. Fundi amekwisha kuleta vitanda, watoto wamekwisha kuvilalia, naye anamdai mama yule Sh. 215,000 kila asubuhi mbele ya watoto. Nilipopita pale mtoto mmoja akaniuliza, "Kaka, ni kweli vitanda vitarudishwa?" Sikuwa na jibu.

Kosa halikuwa la waliokimbia deni peke yao. Lilikuwa langu, kwa kuwa nilihesabu maneno kana kwamba ni fedha. Nikawakusanya wenzangu, nikakiri. Watu 18 tukakubali kulima vibarua katika mashamba ya watu, Jumamosi nne, kila mmoja Sh. 3,000 kwa siku. Tukapata Sh. 216,000. Tukamlipa fundi yote, na ile Sh. 1,000 iliyobaki tukawanunulia watoto pipi. Siku zile za jembe hakuna aliyetupigia makofi, lakini ndizo zilizovifanya vitanda kuwa vya watoto.

Basi, wazazi, vijana wetu wakitaka kukimbia au kutembea kwa ajili ya wenye shida, msiwazuie. Ni shule njema ya huruma. Ila daftari lishikwe na watu wawili. Fedha ipokelewe kabla ya safari, kila iwezekanapo. Pasiagizwe kitu ila kwa kilicho mkononi, na mwisho hesabu isomwe mbele ya watu wote, hata kama ni ndogo.

Nawe kijana akikujia na karatasi yake, usiandike kikubwa ili majirani wakusifu. Andika kile utakacholipa. Ahadi ni deni, na deni hili mdai wake ni mtoto asiyeweza kuja kubisha mlangoni kwako.

Wenu,
Karani wa Parokia