Mazombi wauzika, waliowaunda wafungiwa milango

HABARI zilizotoka Marekani Januari 2026 ziliwashtua wengi katika biashara ya michezo ya kompyuta. Kampuni ya Meta, inayomiliki Facebook na WhatsApp, ilifunga studio zake tatu za michezo ya uhalisia pepe kwa mkupuo mmoja, huku takriban asilimia 10 ya wafanyakazi wa kitengo kinachoshughulikia teknolojia hiyo wakipoteza ajira.

Moja ya studio hizo ni Armature, yenye makao yake mjini Austin, Texas. Kwa asiyefuatilia mambo hayo jina hilo halina uzito. Lakini kwa waliowahi kuvaa ile miwani minene inayofunika macho yote, Armature ndiyo iliyouchukua mchezo wa Resident Evil 4, uliotolewa mwaka 2005 na kampuni ya Kijapani ya Capcom, ikauingiza ndani ya miwani ya Quest Oktoba 2021. Februari mwaka uliofuata Meta yenyewe ilitamba kuwa hakuna programu iliyowahi kununuliwa kwa kasi namna ile katika duka la miwani yake. Oktoba 2022 ikainunua studio nzima. Miaka mitatu na ushee baadaye, ikaifunga.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wenye studio ndogo, kuanzia Texas hadi Uholanzi, hawawezi kulikwepa. Ikiwa aliyetengeneza mchezo uliouzika kwa kasi kuliko yote ya wakati wake hakusalimika, nani atasalimika?

Jibu halipatikani bila kwanza kuelewa kwa nini aina hii ya mchezo, yaani ya kujihami kwa bunduki dhidi ya maiti wanaotembea, ndiyo iliyoibeba miwani hiyo tangu ikiwa changa. (Wakereketwa hubishana kama wanavijiji walioambukizwa vimelea katika Resident Evil 4 ni mazombi kweli, kwa anayewafyatulia risasi, tofauti hiyo ni ndogo.)

Miwani ya Oculus Rift iliingia sokoni Machi 2016, HTC Vive ikafuata Aprili na PlayStation VR Oktoba. Zote zilikuja na udhaifu mmoja mkubwa, nao ni kichefuchefu. Macho yanapouona mwili ukienda huku sikio la ndani, linalotunza mizani ya mwili, likisema umesimama tuli, ubongo huchanganyikiwa. Mchezaji hupatwa na hali ile ile ya abiria anayesoma gazeti ndani ya basi linalopanda kona za Kitonga.

Zombi ni dawa ya maradhi hayo. Hafuatwi, bali yeye ndiye anayefuata. Mchezaji anaweza kusimama mahali pamoja, mgongo ukutani, akamngoja adui. Na adui huja kwa kujikokota, akimpa mtu asiyewahi kushika silaha muda wa kuinua mkono na kulenga. Aidha, zombi hahitaji akili. Kumtengeneza askari bandia anayejificha, anayezunguka nyuma na kusaidiana na wenzake ni kazi ghali. Kumtengeneza maiti anayekwenda moja kwa moja kwenye nyama ni nafuu zaidi, na hakuna mteja atakayelalamika kwamba ni mjinga.

Kuna na suala la mikono. Katika mchezo wa kawaida wa televisheni, kujaza risasi ni kubonyeza kitufe. Ndani ya miwani, michezo iliyo makini humtaka mchezaji aiachie magazini tupu ianguke, apeleke mkono kiunoni achukue nyingine, aipachike, kisha avute kikamata risasi. Mkono ukitetemeka, magazini huanguka sakafuni. Wanaosema michezo hii hutisha kwa sura za mazombi hawajaicheza: hofu yenyewe imo katika sekunde hizo chache, bunduki ikiwa tupu na kishindo cha nyayo kikisikika nyuma ya bega.

Msomaji wa Tanzania hahitaji maelezo marefu kuhusu maiti anayetembea. Magazeti ya udaku yameandika kwa miaka mingi habari za misukule, watu wanaodaiwa kufa na kuzikwa kisha kuonekana, ikisemekana walichukuliwa na wachawi ili wawalimie mashamba usiku. Zombi wa asili, yule wa Haiti, ni ndugu wa karibu wa msukule. Ni mtu aliyeporwa nafsi yake akafanywa mtumwa, katika nchi iliyojengwa kwa jasho la watumwa waliosombwa kutoka Afrika, na wengi huihusisha asili ya neno lenyewe na lugha za Kongo.

Katika simulizi hizo zote mbili, mtu huyo ni wa kuhurumiwa. Ndugu zake humtafuta, humwombea, hutaka arudi nyumbani. Aliyeyageuza mambo ni mwongozaji filamu wa Marekani, George Romero, ambaye mwaka 1968 kwa filamu yake ya Night of the Living Dead alimpa dunia mfu mla watu, asiye na jina wala ukoo, anayezuiwa kwa kupigwa kichwani tu. Huyo ndiye aliyerithiwa na michezo ya kompyuta. Msukule akifa mara ya pili ni msiba. Zombi akifa ni pointi.

Mwenye kutaka kuona biashara hii ikiendeshwa kwa akili aitazame Rotterdam, Uholanzi. Kampuni ya Vertigo Games ilitoa mchezo wa Arizona Sunshine Desemba 2016, wakati wenye miwani hiyo duniani wakiwa bado wachache. Mchezaji ni mtu mpweke katika jangwa la Arizona, mwenye mzaha mchungu, anayesikia sauti ya redio na kuifuata akiamini kuna waliopona. Ndani ya mwezi mmoja mchezo ulikuwa umeingiza dola milioni 1.4 za Marekani.

Haukukosa kasoro. Siku za mwanzo ilibainika kuwa baadhi ya sehemu zake zilifungwa kwa muda kwa kila mtu ambaye kompyuta yake haikuwa na prosesa ya Core i7 ya kampuni ya Intel, iliyokuwa imefadhili kazi hiyo. Wateja waliokuwa tayari wamelipa walikuja juu, na kufuli likaondolewa haraka.

Lakini tangu hapo Vertigo haikuitegemea miwani ya mtu mmoja. Mchezo ulipelekwa kwenye Vive, Rift, PlayStation na baadaye Quest, na hata kwenye kumbi za burudani ambako mteja hulipia dakika zake na kuondoka. Agosti 2020 kampuni ya Koch Media iliinunua Vertigo kwa euro milioni 50, kukiwa na malipo zaidi kulingana na mafanikio. Toleo la pili lilitoka Desemba 2023, likimpa yule mpweke mbwa wa kumsindikiza, na Oktoba 2024 toleo la kwanza likasukwa upya.

Biashara ya kumbi ilikuwapo hata kabla ya miwani ya nyumbani. Mwaka 2015 kampuni ya Zero Latency ilifungua ukumbi mjini Melbourne, Australia, ambako watu walitembea kwa miguu yao wenyewe, kompyuta mgongoni na bunduki bandia mkononi, wakipambana na mazombi pamoja. Anayetembea kweli hapati kichefuchefu kwa urahisi.

Kwa upande wa sanaa, aliyefika mbali zaidi ni Skydance Interactive, iliyotoa The Walking Dead: Saints & Sinners Januari 2020. Ni New Orleans iliyogharikishwa na mafuriko. Kisu kikizama kwenye fuvu hakitoki mpaka kivutwe kwa nguvu, na mchezaji huchoka. Wagumu zaidi si wafu bali makundi mawili ya watu walio hai wanaogombea mji, na mara nyingi mchezaji hujikuta amemwelekezea bastola mtu aliyeinua mikono. Kumlenga mtu kwa mkono wako mwenyewe, macho kwa macho, si sawa na kubonyeza kitufe, na ndiyo sababu mchezo huu ulistahili sifa ulizopata.

Kwa hiyo tatizo halikuwa michezo. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya karamu hii ililipiwa na mtu mmoja. Facebook, kama Meta ilivyoitwa zamani, iliinunua Oculus mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 2, na kwa miaka mingi ikauza miwani kwa bei ya kuvutia huku ikigharimia au kununua studio zinazoijazia maudhui. Kitengo chake cha Reality Labs kilipata hasara ya dola bilioni 16.1 mwaka 2023 na bilioni 17.7 mwaka 2024. Kwa kulinganisha tu, hiyo ya 2024 haikuwa mbali na bajeti nzima ya Serikali ya Tanzania ya mwaka wa fedha 2024/25, iliyokuwa Sh49.35 trilioni. Mwaka 2025 hasara ilipita dola bilioni 19.

Hakuna mwenye hisa anayevumilia hayo milele, hasa sasa ambapo fedha zote zinaitwa upande wa akili bandia na miwani myepesi ya kuvaa barabarani. Dalili zilikuwapo mapema: Agosti 2024 Meta iliifunga Ready at Dawn, studio nyingine iliyokuwa imeinunua, na mwaka huo huo Sony nayo iliifunga studio yake ya London, miongoni mwa waliokuwa mstari wa mbele katika PlayStation VR. Waswahili walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na Armature walikuwa wamekwenda mbali zaidi ya kutegemea: walikuwa wamehamia kabisa nyumbani kwa ndugu.

Ipo pia hoja ya watoto, ambayo wazazi wa mijini hawana budi kuiangalia kadiri miwani inavyoshuka bei. Quest 3S ilianza kuuzwa Oktoba 2024 kwa dola 299, kabla ya usafiri na ushuru. Mwaka 2023 Meta iliruhusu watoto wa miaka 10 kuitumia kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Michezo ya mazombi imewekewa alama ya kuwa ya wakubwa, lakini alama hiyo ina nguvu pale tu mtu mzima anapoona kinachochezwa. Televisheni ya sebuleni huonwa na nyumba nzima. Miwani huonwa na aliyeivaa peke yake, isipokuwa mzazi awe amejua kuunganisha picha yake na simu au televisheni.

Wanunuzi wa Resident Evil 4 ya mwaka 2021 wana lao jingine. Mchezo huo wa Armature haukupata kutolewa kwa miwani ya kampuni nyingine. Ule uliotoka kwenye PlayStation VR2 Desemba 2023 ni wa Capcom wenyewe, uliojengwa juu ya toleo jipya. Aliyenunua ule wa kwanza anaweza kuendelea kuucheza, mradi Quest yake iko hai na Meta haijabadili mfumo wake kiasi cha kuukataa. Siku ikitokea hitilafu, waliokuwa wakijua kila waya wake watakuwa wameajiriwa kwingine.