AFYA NYUMBANI: Shingo Yakaza, Kichwa Chagonga

Juma hili twataka kusema juu ya ugonjwa usiomwaga damu wala kuacha kidonda, na kwa sababu hiyo watu wengi hawausadiki. Ndio maumivu ya kichwa yale yajayo, yakaenda zake, kisha yakarudi tena. Waswahili wameyapa jina la kipandauso. Jina hilo lafaa sana, maana maumivu hupanda penye paji la uso, jicho na kipaji. Walakini wagonjwa wengi hawaanzi kulalamika juu ya uso. Huanza kushika shingo.

Tumfikirie mama mmoja wa Alunguli. Alfajiri avuka mto Lualaba kwa mtumbwi, kisha ajitwika sombe na mihogo kichwani kwenda kuuza mjini Kindu. Jioni arudi, shingo imekaza na miayo haiishi. Kesho yake kichwa chagonga upande mmoja kama mchi ndani ya kinu. Mwanga wa jua wamchoma, kelele za watoto zamwumiza, harufu ya mawese yanayochemka yamtapisha. Ajilaza chumbani gizani, na huko nje maneno yaanza. Baba asema kwamba mama wa watoto amekuwa mvivu. Mama mkwe asema kwamba ametupiwa kitu na wenye husuda. Jirani aleta vidonge vya malaria. Kijana mmoja asifiwaye kwa kunyosha viungo aitwa kuizungusha shingo mpaka ilie. Siku ya tatu kichwa chapoa, na kila mmoja ajisifu kwamba yeye ndiye aliyemponya. Mwezi ufuatao yote yaanza upya.

Ni nani aliyemponya mama yule? Yawezekana hakuna hata mmoja. Kipandauso kisichotibiwa hudumu kwa kawaida kutoka saa 4 hata saa 72, kisha chaondoka chenyewe. Ndiyo sababu dawa nyingi zisizofaa kitu zimepata sifa: zilitolewa siku ya pili, na ugonjwa ulikuwa ukijiandaa kwenda zake siku ya tatu.

Sasa tuitazame shingo. Mwaka 2010 madaktari wa Marekani walitoa habari za wagonjwa 113 wa kipandauso waliowafuata kwa uangalifu. Waliona kwamba maumivu ya shingo yaliwajia wagonjwa hao mara nyingi kuliko hata kichefuchefu, ambacho madaktari wote hukihesabu kuwa alama ya ugonjwa huu. Basi, shingo inayouma pamoja na kichwa si ajabu, wala si lazima uwe ugonjwa wa pili.

Sababu yake ni nini? Watu wa Kindu wataielewa upesi, kwa kuwa mji wao ulikua mahali ambapo reli itokayo Kongolo inakutana na mto uendao Ubundu. Mizigo ya njia mbili hufika mahali pamoja. Mwili nao una bandari kama hiyo. Mshipa mkubwa wa fahamu uletao habari za uso, wa jicho na wa ngozi zinazofunika ubongo hushuka mpaka mwanzo wa uti wa mgongo. Hapo hapo hufika mishipa ya fahamu itokayo sehemu ya juu ya shingo. Habari za pande zote mbili zapokewa mahali pamoja, na ubongo hauwezi kutambua vema kila mzigo umetoka wapi. Kwa hiyo maumivu yaliyoanza kichwani husikika kisogoni, na shingo iliyochoka huweza kukichokoza kichwa.

Maumivu hayo ya shingo yana nyakati tatu. Pengine hutangulia: saa chache, au hata siku moja au mbili kabla ya kichwa kuuma, mtu huona shingo nzito, hupiga miayo, hukasirika bure, au hutamani chakula fulani. Pengine huja pamoja na kichwa, upande ule ule au pande zote mbili, na kushuka mpaka mabegani. Pengine hubaki nyuma: kichwa kimepoa, lakini kwa siku nzima shingo ni kama imepigwa. Ajuaye mwendo huu hatashangaa. Atasema, «Mgeni yuko njiani,» naye atajitayarisha.

Je, mizigo ya kichwani ndiyo iletayo ugonjwa? Hapana. Kipandauso hufuata ukoo mara nyingi: mama alikuwa nacho, binti naye anacho. Huwapata wanawake kuliko wanaume, na wengi hukiona zaidi karibu na siku zao za mwezi. Mzigo mzito haukizai, lakini waweza kukiamsha, kama vile njaa, kiu, usingizi mchache, jua kali na mahangaiko yanavyoweza. Basi yafaa kuugawa mzigo, kupumzika njiani, kunywa maji, wala kutokwenda sokoni na tumbo tupu. Baba mwenye baiskeli na atambue kwamba mihogo haina haja ya kukaa juu ya kichwa cha mkewe.

Shambulio likianza, mgonjwa alale mahali penye giza na kimya, atiwe kitambaa chenye maji baridi penye paji. Dawa ya kawaida, kama parasetamoli au ibuprofeni, husaidia zaidi ikimezwa mapema kwa kipimo alichoagiza muuguzi. Ibuprofeni haiwafai wajawazito wala wenye vidonda vya tumbo, na aspirini wasipewe watoto. Kuikanda shingo polepole kwa mikono yenye joto hakudhuru. Lakini kuizungusha kwa nguvu mpaka ilie twakukataza kabisa. Ndani ya shingo hupita mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo. Ikichanika, mtu aweza kupooza au kufa.

Tena jihadharini na wingi wa vidonge. Ajabu iliyoje! Mtu amezaye dawa za kutuliza maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi mitatu na kuendelea, huweza kupata maumivu mapya ya kichwa yaletwayo na dawa zenyewe. Kwa vidonge vya mchanganyiko, siku 10 zatosha kuleta madhara hayo. Anayeumwa mara nyingi hivyo asiongeze kinini juu ya kinini. Aende hospitali, kwani ziko dawa nyingine za kumezwa kila siku ili kuzuia mashambulio, kama propranololi, ambayo mwenye pumu hapewi.

Na malaria? Hapa Maniema mbu hatuachi, na malaria kweli huumiza kichwa. Kwa hiyo mwenye kichwa na homa apimwe damu siku hiyo hiyo. Lakini kipimo kikionyesha kwamba hana malaria, kumeza dawa ya malaria ni kupoteza fedha na kukawiza ukweli.

Yako mambo ambayo hayangojei kesho. Mpelekeni mgonjwa hospitali mara moja mkiona mojawapo ya haya: homa pamoja na shingo ngumu hata asiweze kuinamisha kidevu kifuani, maana huenda ni homa ya uti wa mgongo, nayo huua upesi, maumivu makali mno yaliyompiga ghafula kama radi, degedege, kupotewa na akili, mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito, kichwa kuuma baada ya kuanguka au kupigwa, mjamzito mwenye kichwa kikali, hasa akiona vimulimuli au akivimba uso na mikono, na maumivu mapya ya kichwa kwa mtu aliyepita miaka 50. Kwa mtoto mchanga shingo yaweza kuwa laini, na bado akawa na homa ya uti. Akikataa kunyonya, akilala mno au akilia bila kunyamaza, msikae naye nyumbani.

Kwa wengine wote twashauri jambo moja lisilo na gharama. Chukueni kalenda ya ukutani na penseli. Kila siku kichwa kiumapo, tieni alama. Andikeni kama shingo ilitangulia, kama mgonjwa alikuwa na njaa, na dawa gani alimeza. Baada ya miezi miwili au mitatu karatasi hiyo itamwambia daktari mengi kuliko maneno ya jirani kumi.

Itamwambia na baba wa nyumba pia. Ataona kwa macho yake kwamba siku za mkewe kulala chumbani si siku za kazi tu, bali hata siku za sikukuu ambazo mwenyewe alitamani kucheka na wenzake. Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba mwaka 2021 watu kama bilioni 3.1 walikuwa na maumivu ya kichwa ya namna mbalimbali. Hatudhani kwamba wote hao ni wavivu au wamelogwa. Enyi akina baba, siku mama wa watoto akishika shingo na kufumba macho, teka maji wewe, tuliza watoto wewe, ufunge dirisha taratibu. Hiyo nayo ni dawa, na haiuzwi dukani.