Desemba hii, chagua siku moja ufunge duka la kwenye simu

Wadau, leo siongelei namna ya kupata wateja wengi. Naongelea siku ambayo hutakiwi kumjibu mteja hata mmoja. Msinikimbie, nisikilizeni kwanza.

Mimi niko Vuga, huku milima ya Usambara. Nauza matunda mtandaoni: maplamsi, mapeasi, maparachichi. Wateja wangu wengi wako Tanga na Dar es Salaam. Natangaza kwenye simu, nalipwa kwenye simu, boksi linashuka Soni mpaka Mombo, linapanda basi. Desemba ndiyo mwezi wetu. Matunda yanaiva, watu wana sikukuu, simu haipumui.

Shida ni kwamba Desemba hiyohiyo ndiyo likizo ya watoto. Wako nyumbani kutwa nzima, wanakuuliza, "Mama, lini tutatoka?" Na wewe jibu lako siku zote ni lilelile: "Nikimaliza oda hii."

Mwaka juzi niliwapeleka wanangu Soni kwenye maporomoko ya maji. Mkubwa alikuwa na miaka saba, mdogo minne. Niliwaahidi tangu Novemba. Tumefika, hata dakika kumi hazijaisha, ujumbe ukaingia: "Dada, boksi mbili za maplamsi unaniachia bei gani?" Nikajibu. Akaomba picha. Nikatafuta picha. Akaomba nipunguze. Nikaanza kupiga hesabu ya kumpunguzia, mara nikasikia mtu anapaza sauti.

Kuinua kichwa, mama mmoja nisiyemjua kamshika mwanangu mdogo mkono, anamtoa kwenye mawe yenye utelezi, hatua chache tu kutoka majini. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha, maji yalikuwa mengi na yana kasi. Yule mama hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mtoto wako huyu." Miguu ikaniisha nguvu, nikakaa chini.

Na yule mteja? Hakununua.

Tangu siku hiyo nina msimamo, na najua wengine hamtakubaliana nami. Muuza mtandaoni mwenye watoto wadogo ambaye hana hata siku moja ya kuzima simu msimu mzima, hajaweza biashara bado. Biashara ndiyo imemuweza yeye. Mwenye kibanda sokoni akifunga mlango, watu wanaona kafunga. Sisi duka letu liko mfukoni, linatufuata hadi mtoni. Usipolifunga wewe, hakuna atakayekufungia.

Najua utaniambia nini: "Januari inakuja, sare, madaftari, michango ya shule, nitafunga vipi?" Hilo ni kweli, na mimi Januari inanibana kama wewe. Lakini fanya hesabu kwenye daftari, usifanye kwa hofu. Desemba iliyopita nilifunga Jumanne moja. Jioni nilikuta wateja 11 wameandika. 8 walisubiri, 3 walikwenda kwingine. Watatu hao ndio gharama ya siku yangu. Ni pesa, sikatai. Lakini nikikumbuka yale mawe ya Soni, naona ni bei rahisi sana.

Ninavyofanya mimi ni hivi:

1. Nachagua siku dhaifu. Kwangu ni Jumanne. Ijumaa siigusi, watu wanaagiza vitu vya mwisho wa wiki.

2. Natangaza siku mbili kabla. Naweka kwenye stetasi: "Jumanne niko na wanangu, oda zote zitajibiwa Jumatano asubuhi." Sijawahi kutukanwa kwa hilo. Wateja wengine ni wazazi pia, wananiandikia, "Na mimi ngoja nijaribu."

3. Sichumi matunda Jumatatu jioni. Plamsi likishaiva halisubiri mtu. Yaliyochumwa yote yawe yamepanda basi kabla ya siku ya kutoka.

4. Kwenye WhatsApp Business naweka ujumbe wa kutokuwepo, unajibu wenyewe. Mteja anajua nitarudi lini, hakai akidhani nimemdharau.

5. Simu naibeba kwa dharura tu, arifa za ujumbe nimezima. Ukiziacha zimewashwa utachungulia. Tunajuana.

La sita wengi hawalipendi: siku ya watoto isigeuke siku ya kutengeneza matangazo. Nimewaona wenzangu wanampeleka mtoto matembezi, halafu mtoto anasimamishwa na bidhaa mkononi, "cheka, rudia, geuka huku." Mtoto anachoka, analia, anapigiwa kelele. Hapo hajatoka, amepelekwa kazini. Piga picha mbili za kumbukumbu, zikae kwenye simu yako.

Sasa utasema, "Matembezi yanataka hela." Hapana. Mwaka jana hatukupanda hata gari. Tulitembea hapahapa Vuga na babu yao, baba mkwe wangu. Tulibeba mahindi ya kuchemsha, mayai na chupa ya chai. Tukakaa juu kwenye nyasi, mabonde yote chini yetu, babu akawasimulia habari za Mbegha: mwindaji aliyetoka Nguu, akaua nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba ya watu, akawagawia nyama, nao wakampa vyakula vyao. Mwisho wakamfanya mfalme wao, na hapa Vuga pakawa makao ya wafalme wa Wakilindi. Alipofika pale njiani Mbegha anapomuua simba usiku, mdogo wangu alijificha chini ya koti la babu yake. Watu wazima tunajua habari hizi zimo kwenye kitabu, Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi. Watoto wetu wanazikosa kwa sababu tuko bize na "bei gani".

Njiani wakatafuta vinyonga. Huku kwetu kuna kinyonga mwenye pembe mbili puani, ukimuona unadhani mtu amemchonga. Nikawaambia tunamuona kwa macho, hatumshiki. Mkubwa alikaa anamtazama bila kusema neno. Mtoto yule nyumbani hakai kimya hata dakika moja!

Kama una pesa kidogo na uko huku Lushoto, nenda Irente ukawaonyeshe tambarare ilivyo mbali kule chini, au msitu wa Magamba wakaone mbega. Toka asubuhi, maana mchana ukungu na mvua havina taarifa. Beba masweta hata kama jua linawaka. Na popote penye maji au jabali, mkono wa mtoto mdogo uwe ndani ya mkono wa mtu mzima, siyo simu.

Jioni ile tukirudi, mdogo alikuwa mgongoni kwangu, amechoka. Akaniuliza, "Mama, simu yako imeharibika?" Nikamwambia hapana, nimeizima. Akasema, "Kesho pia uizime."

Kesho yake sikuizima, nilikuwa na oda za kutuma. Lakini Jumanne ya mwaka huu nimeshaiandika kwenye kalenda, na babu ameshaambiwa.

Na wewe andika yako leo, kabla msimu haujakolea. Kisha tuambie kwenye komenti: umechagua siku gani, na utawapeleka wapi?